Bei ya Unga na Hofu ya Debe la Kura

Julai 20, 2022, siku 20 kabla ya Wakenya kupiga kura, serikali ilitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ingeuzwa shilingi 100. Wakati huo pakiti hiyo ilikuwa imepita shilingi 200 madukani. Miaka mitano nyuma, uchaguzi wa Agosti 2017 ukikaribia, bei ilikuwa imeshushwa kwa njia hiyo hiyo hadi shilingi 90. Ukame ulikuwepo miaka yote miwili, njaa ilikuwa ya kweli, na mama aliyekwenda dukani na sarafu mkononi alistahili nafuu ile. Kinachoniuma ni kwamba nafuu ilifuata kalenda ya uchaguzi. Njaa ilikuwa imebisha hodi miezi mingi kabla.

Kiongozi asimamie anachokiamini, au atafute kwanza kurudi kwenye kiti? Swali hili huzungumzwa kwa maneno makubwa: haki, dira, uzalendo. Nimeona heri kulifuata kupitia chakula, kwa sababu hapo kiongozi hana pa kujificha. Bei ya unga ikipanda, kila nyumba inajua siku hiyo hiyo. Ikishuka, kila nyumba inajua pia, na ndiyo maana imekuwa kishawishi kikubwa kwa kila aliyewahi kuomba kura.

Roma iliyajua haya zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Mwaka 123 KK, Gaius Gracchus, aliyechaguliwa kuwa mtetezi wa watu wa kawaida, alipitisha sheria ya kuwauzia raia wa mji ngano kila mwezi kwa bei nafuu isiyobadilika. Alichaguliwa tena mwaka uliofuata, na wapinzani wake wakasema amenunua kura kwa hazina ya umma. Sidhani walikuwa na haki kamili ya kusema hivyo. Mji ulikuwa umejaa watu waliopoteza mashamba yao, na ngano ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara waliongoja bei ipande. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na waliomfuata hawakuwa na sababu zake. Mwaka 58 KK, Clodius aliifanya ngano ile kuwa ya bure kabisa.

Anayenivutia zaidi katika kisa hiki ni Cato, ambaye Warumi walimhesabu kuwa mtu asiyepinda. Mwaka 62 KK alipoona Julius Caesar anajizolea mapenzi ya wanyonge, Cato huyo huyo aliongeza idadi ya wanaopewa ngano ya serikali. Baadaye Caesar alipoishika dola peke yake, alipunguza wapokeaji kutoka 320,000 hadi 150,000. Hakuwa na uchaguzi wa kuogopa. Mwenye msimamo aligawa kwa sababu alihitaji watu, na dikteta alikata kwa sababu hakuwahitaji tena. Kwa hiyo anayesema kwamba kiongozi asiyeogopa kura ndiye hutawala kwa haki, namwomba asubiri kidogo.

Ufaransa ya Louis wa 16 inathibitisha jambo hilo kutoka upande mwingine. Turgot, waziri wa fedha, aliamini kwa moyo wake wote kwamba nafaka ikiachwa iuzwe kwa uhuru nchi nzima, uhaba utapungua. Alifungua soko Septemba 1774. Mavuno yakawa mabaya, bei ikapaa, na mwaka 1775 watu walivamia masoko na maghala. Askari waliletwa, ghasia zikazimwa, na Mei 1776 mfalme akamfukuza. Hakuwa na wananchi wa kuwaelezea sera yake, kwani mpiga kura wake alikuwa mmoja tu.

Katika miaka hiyo hiyo, Edmund Burke alisimama mbele ya watu wa Bristol, bandari tajiri ya Uingereza. Ilikuwa Novemba 1774, muda mfupi baada ya kumchagua. Aliwaambia wazi kwamba mbunge anawiwa nao bidii yake na pia akili yake, na kwamba atakuwa amewasaliti akiitupa akili hiyo ili kufuata matakwa yao. Kisha akayaishi aliyoyasema. Bunge lilipojadili kuwalegezea Waayalandi masharti ya biashara, wafanyabiashara wa Bristol walikasirika, kwa kuwa faida yao ilitokana na masharti hayo. Burke aliunga mkono nafuu ile, na mwaka 1778 akawaandikia barua za kueleza kwa nini. Mwaka 1780 alirudi kuomba kura, akaona hali ilivyo, akajitoa. Wengi humkumbuka kwa hotuba. Mimi huzikumbuka zile barua.

Kisa kilicho kizito kuliko vyote ni cha Robert Peel, Waziri Mkuu wa Uingereza.

Tangu 1815 Uingereza ilikuwa na sheria zilizozuia nafaka ya nje isiingie kwa bei ya chini. Zilimlinda mwenye shamba na kumkamua mla mkate. Chama cha Peel, Conservative, kilikuwa chama cha wenye mashamba, na mwaka 1841 kilishinda uchaguzi wengi wa wabunge wake wakiwa wameahidi kuzilinda sheria hizo. Peel mwenyewe alikuwa mwana wa tajiri wa viwanda vya pamba, mtu wa hesabu na ripoti, na kadiri alivyozisoma takwimu ndivyo alivyozidi kushindwa kuutetea mfumo ule. Inasimuliwa kwamba mwaka 1845, Richard Cobden, kinara wa waliotaka sheria zifutwe, alipomaliza kuhutubia bunge, Peel aliikunja karatasi yake ya majibu na kumwambia aliyekaa karibu ajibu yeye, maana Waziri Mkuu hakuwa na jibu.

Mwaka huo huo ugonjwa uliozesha viazi vya Ireland, chakula pekee cha mamilioni ya maskini. Novemba, bila kutangaza, Peel aliagiza mahindi ya Marekani yenye thamani ya pauni 100,000 yapelekwe huko. Mahindi ya njano yalikuwa mageni kwa Waayalandi. Yaliwaumiza matumbo, nao wakayaita kiberiti cha Peel. Lakini angewezaje kununua mahindi kwa fedha za serikali kwa ajili ya wenye njaa, huku sheria ya serikali hiyo hiyo ikizuia chakula cha nje kuingia? Baraza la mawaziri liligawanyika. Akajiuzulu Desemba, wapinzani wakashindwa kuunda serikali, akarudi na kupeleka muswada wa kufuta sheria hizo.

Benjamin Disraeli, mbunge wa chama hicho hicho, alimshambulia usiku baada ya usiku. Nyuma ya kejeli zake palikuwa na hoja ambayo siwezi kuipuuza: watu walipiga kura kwa ahadi fulani, na kiongozi anapoigeuka ahadi hiyo katikati ya muhula, hata kwa sababu njema, kura ina maana gani? Mei 1846 muswada ulipita kwa kura 327 dhidi ya 229. Takriban theluthi mbili ya wabunge wa Peel walimkataa, na ukapita kwa kura za wapinzani wake. Juni 25 Baraza la Mabwana lilimaliza kazi, na usiku huo huo wabunge waliomkasirikia waliungana na upinzani kumwangusha katika muswada mwingine. Siku chache baadaye alijiuzulu, akieleza matumaini kwamba labda mfanyakazi alaye mkate usiotozwa kodi atamkumbuka kwa wema. Hakurudi tena madarakani. Alikufa 1850 baada ya kuangushwa na farasi. Chama chake hakikupata tena wingi wa viti hadi 1874, na kiliposhika serikali kwa muda mwaka 1852, Disraeli akiwa waziri wa fedha, hakikuthubutu kuzirudisha sheria zile.

Ukweli kamili ni kwamba uamuzi huo haukuiokoa Ireland. Ushuru ulipunguzwa hatua kwa hatua hadi 1849, na maskini wa Ireland hawakuwa na fedha za kununua hata chakula cha bei rahisi. Watu wapatao milioni moja walikufa. Pia Disraeli hakuwa mwongo alipomdai Peel uaminifu kwa wapiga kura, na Peel alijua jinsi ya kulipa deni hilo kwa sababu aliwahi kulilipa. Mwaka 1829 alipobadili msimamo kuhusu haki za kisiasa za Wakatoliki, alikiacha kiti chake cha Chuo Kikuu cha Oxford na kuomba ridhaa upya. Walimkataa, naye akaingia bungeni kupitia Westbury, kijimbo cha wapiga kura wachache waliotii tajiri wao. Mwaka 1846 hakuitisha uchaguzi. Njaa haikumpa nafasi, na huenda angeshindwa. Bado naamini alifanya jambo sahihi, na bado naona pengo hapo.

Tuje kwetu, mahali ambapo unga una siasa zake.

Zambia ilipata uhuru mwaka 1964 ikiwa tajiri wa shaba. Miji ya Ukanda wa Shaba ilijaa wachimbaji waliokula nshima, ugali wa huko, kila siku, na serikali ya Kenneth Kaunda iliushikilia unga wao kwa bei ya chini kwa kutumia ruzuku. Kaunda aliamini katika kumweka binadamu mbele, na sina sababu ya kudhani alidanganya. Lakini katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka, na tangu hapo unga wa bei nafuu ulilipiwa kwa mikopo. Mkulima naye alilipwa kidogo ili mtu wa mjini ale kwa urahisi. Mtu wa mjini alikuwa karibu na Ikulu na aliweza kuandamana. Mkulima wa kijijini alikuwa mbali.

Desemba 1986, kwa shinikizo la wakopeshaji, ruzuku ya unga mweupe uliokobolewa iliondolewa na bei ikapanda zaidi ya maradufu. Miji ya Ukanda wa Shaba ikawaka moto na watu 15 wakauawa. Ndani ya siku chache Kaunda alirudisha bei ya zamani, na Mei 1987 akaachana na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Juni 1990 bei ilipandishwa tena maradufu, Lusaka ikalipuka, na mwisho wa mwezi mwanajeshi mmoja akatangaza redioni kwamba jeshi limetwaa nchi. Uongo wake ulidumu saa chache tu, ila watu walikuwa wamekwisha kumiminika barabarani wakishangilia. Kaunda aliyaona hayo.

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Muhula wake ulikuwa bado na miaka. Aliruhusu vyama vingi, akakubali uchaguzi kabla ya wakati, na Oktoba 31, 1991 akapata kura kiasi cha asilimia 24 tu dhidi ya 76 za Frederick Chiluba, kiongozi wa wafanyakazi. Kwa muda wote wa kampeni alikwepa kugusa bei ya unga, na wakopeshaji wakafunga mkono. Hakuwa na ujasiri wa kuwaambia wananchi gharama ya kile walichokula. Alikuwa nao wa kuwaachia wamwondoe. Novemba 2 Chiluba aliapishwa na Kaunda akaondoka Ikulu baada ya miaka 27. Serikali mpya, ambayo chama chake cha MMD hakikuwa kimeficha kwamba kitafungua soko, iliiondoa ruzuku ile, na miji haikuwaka kama zamani, kwa sababu safari hii watu walikuwa wameulizwa. Chiluba mwenyewe alikuja kutamani muhula wa tatu mwaka 2001, hadi makanisa, mawakili na wabunge wake walipomzuia.

Tanzania ilikwenda njia nyingine, na kwa Mtanzania si rahisi kuizungumza kwa utulivu. Julius Nyerere hakuwahi kukabiliana na mpinzani katika uchaguzi wa urais baada ya 1962. Kuanzia 1965 karatasi ilikuwa na ndiyo na hapana. Kura iliuma chini yake: mwaka huo wa 1965, chini ya chama kimoja, Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alipoteza kiti chake cha ubunge Mwanza. Mkuu wa nchi hakuguswa na upepo huo. Alikuwa na uhuru wa kutawala kwa anachokiamini kuliko viongozi wengi wa kizazi chake, na aliutumia. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Ni nani anayetafuta kura za wakubwa angethubutu kuandika hivyo?

Uhuru huo huo ulizaa pia Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kufikia 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa, wengine nyumba zao zikichomwa nyuma yao. Lengo lilikuwa shule, maji na zahanati karibu na kila mtu, na nyingi zilijengwa kweli. Lakini watu walihamishwa mbali na mashamba yao wakati ukame unapiga hodi, na mwaka 1974 na 1975 nchi ilitegemea nafaka ya nje. Watanzania wa umri fulani wanaukumbuka unga wa njano wa Marekani, waliouita Yanga kwa rangi ya jezi za timu ile. Miaka 130 baada ya Ireland, mahindi yale yale ya njano yalifika mezani kwa watu ambao hawakuyaomba. Kama mkulima wa Dodoma au Kigoma angekuwa na uwezo wa kumwondoa Rais kwa kura, nyumba zingechomwa? Nampenda Mwalimu, na jibu langu ni hapana.

Alipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, Nyerere alikataa kushusha thamani ya shilingi kama walivyotaka wakopeshaji. Rafu za maduka zilikuwa tupu. Bajeti ya Juni 1984 hatimaye iliondoa ruzuku ya sembe, kima cha chini cha mshahara kikapandishwa kupunguza makali, na mwaka 1985 Mwalimu akang'atuka. Makubaliano na Shirika la Fedha yalitiwa saini 1986 chini ya Ali Hassan Mwinyi. Ninavyolisoma mimi, Nyerere aliona anachokiamini hakitekelezeki tena na hakutaka kusimamia asichokiamini, basi akapisha. Hilo ni msimamo. Baadaye, Tume ya Nyalali ilipokuta kwamba takriban asilimia 80 ya waliohojiwa wanataka chama kimoja kiendelee, uongozi, yeye akiwa miongoni mwa waliousukuma, ulikwenda na asilimia 20. Mwaka 1992 chama tawala kilijifungulia mlango wa kushindwa bila wengi kukidai.

Malawi inawapinga wanaodhani kwamba kila ruzuku ni rushwa ya kura. Baada ya njaa ya 2002, Bingu wa Mutharika alianza mwaka 2005 kuwapa wakulima vocha za mbolea na mbegu, wafadhili wakinuna. Mavuno yaliongezeka sana, na mwaka 2009 alichaguliwa tena kwa takriban theluthi mbili ya kura. Ilikuwa haki na ilimpa kura, yote mawili. Kisha akaukataza uchumi usiseme ukweli, akishikilia thamani ya kwacha huku mafuta yakiadimika, na Julai 2011 waandamanaji wapatao 20 waliuawa. Mrithi wake, Joyce Banda, aliishusha kwacha kwa theluthi moja Mei 2012, uamuzi ambao kila mtu alijua utaumiza. Mwaka 2014 alishika nafasi ya tatu, kashfa ya wizi wa fedha za serikali nayo ikiwa imemlemea. Akajaribu kuufuta uchaguzi, mahakama ikamkatalia. Aliyethubutu kuumiza watu kwa ajili ya uchumi alishindwa kuthubutu kuondoka.

Kenya sasa. Serikali iliyoingia Septemba 2022, baada ya kampeni zilizozungushwa kwenye bei ya unga, iliacha ruzuku ya unga na kuweka nguvu kwenye mbolea, mfuko wa kilo 50 ukishushwa hadi shilingi 3,500. Nilikubaliana na hoja hiyo: aliyesaidiwa kupanda hula msimu mzima, na mbolea ya serikali haitolewi siku 20 kabla ya kura. Kwa hiyo mbolea feki iliyowafikia wakulima mwaka 2024 ilikuwa usaliti wa hoja yenyewe.

Mwaka huo huo ukaja Muswada wa Fedha. Ulipendekeza mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa kabla ya kura, lakini kodi nyingine zilibaki, na Juni 25 wabunge 195 walisema ndiyo dhidi ya 106, vijana wakiwa nje ya majengo ya Bunge, wengine wakipigwa risasi. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia saini. Wiki zilizotangulia vijana walikuwa wamewapigia wabunge simu, wakawatumia ujumbe, wakawauliza wanapiga kura kwa niaba ya nani. Ni swali la Bristol, la mwaka 1774. Mbunge aliyekuwa na jibu la Burke, kwamba nchi ina madeni na akili yake imemwambia kodi hizo ni za haki, angeweza kulitoa. Siku ile wengi walitoroka Bunge bila kulitoa, na waliorudi majimboni walikuta lawama zikiwangoja. Uchaguzi ni Agosti 2027. Anayeamini kura yake ya ndiyo ilikuwa ya haki bado anaweza kusimama sokoni kwenye jimbo lake, mbele ya mama muuza mahindi, akamweleza kodi ile ilikuwa ya kulipa deni gani, lililokopwa lini na kwa kazi gani, kisha amwombe kura akijua kwamba anaweza kuikosa.